Wenye Shughuli

Saluni ya mlango wa kijani, nyuma ya soko
Tarehe 2 Aprili

Kwa Afisa wa Bustani na Viwanja vya Wazi,
Ofisi za Jiji

Ndugu Afisa,

YAH: KUOMBA KUFANYIA HARUSI BUSTANINI

Mimi ni msusi. Nina saluni yangu nyuma ya soko, na wake wa wakubwa wako wengi nimewashika vichwa, kwa hiyo nianze kwa kusema kwamba ningeweza kupita mlango wa nyuma. Sikupita. Nimeamua kuandika kama raia mwingine yeyote, ili nijue raia wengine wanaishije.

Binti yangu wa pekee anaolewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita. Kumbi tumetafuta. Ule wenye viyoyozi unataka tuuze figo, na ule tunaoumudu una nguzo nene katikati, yaani nusu ya wageni wataona harusi na nusu wataona nguzo. Ndipo binti mwenyewe akasema, "Mama, si kuna bustani?"

Hakusema hivyo kwa kubahatisha. Yeye ni fundi umeme. Mwaka juzi kampuni yake ndiyo iliyopewa kazi ya kufufua taa za bustani yenu, na kila asubuhi, kabla hajapanda ngazi, alikuwa ananunua mkate kwa kijana mmoja aliyekuwa na kibanda getini. Haukupita muda nikaanza kuona nyumbani mikate mingi kuliko tunavyoweza kula. Nikauliza, nikaambiwa ni ya kugandisha. Sikuhitaji kuambiwa zaidi, mimi si mtoto. Huyo mwoka mikate ndiye anayemwoa.

Tunaomba pale kwenye majani makubwa, mbele ya chemchemi ya saruji isiyotoa maji. Watu mia na hamsini. Viti tutakodi. Chakula kitapikwa nyumbani na kuletwa kikiwa kimefunikwa. Muziki utakuwepo, lakini si wa kuvunja madirisha. Fomu yako nimeijaza, na cheti cha fundi umeme nimekiambatanisha, maana fomu inadai fundi aliyeidhinishwa kwa ajili ya nyaya, na sisi tunaye wa nyumbani. Atafunga taa za harusi yake mwenyewe. Nimemkataza, hasikii.

Nangoja jibu lako.

Msusi,
mama wa bibi harusi


Ofisi ya Bustani na Viwanja vya Wazi
Tarehe 11 Aprili

Ndugu Mwombaji,

YAH: OMBI LA SHUGHULI MAALUMU KATIKA BUSTANI YA JIJI

Ofisi inakiri kupokea barua yako pamoja na viambatisho vyake. Kwa kuzingatia yaliyoelezwa humo, ofisi inapenda kukufahamisha masharti ya jumla kabla ombi halijaendelea mbele.

Mahema ya kuchomeka ardhini hayaruhusiwi, kwa kuwa mabomba ya maji yanapita chini ya majani. Moto wa kupikia hauruhusiwi. Vipaza sauti vielekezwe upande wa barabara na si upande wa hospitali. Bustani haifungwi: mwananchi yeyote ana haki ya kupita hata wakati shughuli yenu inaendelea, na hamruhusiwi kuweka mtu wa kumzuia. Aidha, kwa shughuli yenye watu zaidi ya mia moja, afisa mmoja wa ofisi hii sharti awepo tangu maandalizi mpaka usafi, akiwa amevaa kizibao cha kung'aa.

Ofisi inaomba pia ufafanuzi katika mambo machache ambayo fomu haikuyagusa. Nani atakuwa msemaji wa familia ya bibi harusi? Wazazi wa bibi harusi wataketi upande gani? Je, orodha ya wageni imekwisha kufungwa, au bado?

Mwisho, ofisi imekiona cheti cha fundi umeme. Kimetolewa kwa daraja la juu. Ofisi haina swali kuhusu cheti hicho.

Wako katika utumishi,
Afisa wa Bustani na Viwanja vya Wazi


Saluni
Tarehe 15 Aprili

Baba Chiriku,

Nimekujua. Ulidhani ukijificha nyuma ya cheo nitapotea njia? Nimeishi na wewe miaka kumi na tatu. Nani mwingine chini ya jua anaweza kuandika "ofisi haina swali kuhusu cheti hicho"? Hata siku uliyoniambia unataka kunioa ulianza na "kwa kuzingatia yaliyotangulia". Nikacheka, nikadhani ni utani. Kumbe ndivyo ulivyo.

Barua yako ilinikuta na mteja, nusu ya kichwa nimesuka na nusu bado. Nikaacha kazi nikakaa chini. Mteja akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna afisa.

Sisi tuliambiwa umehamishiwa mji mwingine. Hakuna aliyetuambia umerudi. Leo umekaa kwenye meza ambayo harusi ya mwanao inapita juu yake, na badala ya kusema "ni mimi" unauliza wazazi wataketi upande gani! Mimi na wewe tuliachana kwa heshima, tukagawana vyombo bila kelele mpaka majirani wakakosa cha kusimulia. Sina neno na wewe. Mwenye neno ni Chiriku. Mtoto tuliyempa jina la ndege kwa sababu hakuwa anaacha kuongea tangu anaamka mpaka analala, siku hizi ukitajwa wewe ananyamaza kimya, anashika bisibisi anaanza kufungua kitu ambacho hakijaharibika. Na sababu unaijua. Siku ya mahafali yake ya ufundi hukuja.

Kama unataka kutuzungusha, sema mapema tukatafute kwingine. Kama hutaki kutuzungusha, gonga mhuri tuendelee na maisha. Na maswali yako haya hapa majibu yake: msemaji ni kaka yangu, Mjomba wake. Mimi nitakaa mbele. Orodha haijafungwa. Ni harusi gani uliyowahi kuiona ambayo orodha yake ilifungwa?

Mama Chiriku


Tarehe 23 Aprili

Mama Chiriku,

Barua hii naiandika nyumbani, kwa karatasi niliyonunua dukani, kwa sababu si ya ofisi.

Nimerudi tangu mwaka jana. Nimepanga chumba na sebule karibu na kituo cha zimamoto. Sikuwatafuta kwa sababu kila nilipofikiria kubisha hodi sikujua nitasema nini mlango ukifunguliwa. Barua yako ilikuwa katikati ya rundo, kati ya ombi la kwaya na la watu wa maonyesho ya mbwa. Niliposoma "mimi ni msusi" nikajua. Kisha nikafungua cheti. Sikuwa najua amefika daraja hilo. Nilikitazama mpaka msaidizi wangu akaniuliza kama kimeghushiwa. Yale maswali ya kijinga niliyauliza kwa sababu nilitaka kujua, na sikuwa na njia nyingine ya kuuliza.

Siwazungushi. Lakini mhuri siwezi kuugonga mimi. Kanuni inasema afisa asiamue jambo la ndugu yake, na hakuna ndugu aliye karibu kuliko mtoto. Nimemwandikia mkurugenzi kwamba bibi harusi ni mwanangu, na faili nimelikabidhi kwa msaidizi. Ofisini tunamwita Bi Mhuri. Ni mkali, lakini hana hila. Na siku yenyewe atakayesimama bustanini ni yeye, si mimi. Ningeweza kujiweka mwenyewe, maana zamu nazipanga mimi. Nililifikiria sana jambo hilo. Ningesimama getini na kizibao changu, ningemwona akipita, na hakuna ambaye angeniuliza nimefuata nini. Nikaona huo ni wizi. Mtu haingii kwenye shughuli ya watu kwa ujanja wa zamu.

Kuhusu mahafali, sikualikwa. Siku moja kabla nilinyoa, nikapiga pasi shati jeupe, nikaenda posta kuuliza kama kuna kadi yangu. Nilikwenda tena kesho yake, siku yenyewe. Hakikuja kitu. Nikaelewa kwamba sitakiwi, na nikaheshimu. Hata sasa sina kinyongo. Mwenye shughuli ana haki ya kuchagua watu wake.

Mfikishie pongezi zangu, kama unaona inafaa. Kama haifai, basi.

Baba Chiriku


Saluni
Tarehe 30 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Nguzo za umeme za huko mkoani zinaendeleaje? Na hiyo kambi yenu isiyoshika simu mnaishije? Usipande juu ukiwa na njaa. Na usiniambie una mkanda wa usalama, mkanda haushibishi.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni kwamba kibali kimetoka, lakini si cha majani makubwa. Kuna kampuni ya bima imeyachukua siku hiyo hiyo ili ikimbize wafanyakazi wake walionenepa. Sisi tumesogezwa pembeni, kwenye jukwaa la zamani la bendi, jirani na lundo la mbolea ya wakulima wa maua. Nilikwenda mwenyewe kwa mama mmoja pale ofisini wanayemwita Bi Mhuri. Nikambembeleza. Nikamsifia nywele, nikamwahidi kumsuka bure mpaka astaafu. Akaniangalia akasema, "Mama, hili ni wigi." Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Habari ya pili, kaa kwanza. Mkuu wa ile ofisi ni baba yako. Amerudi mjini mwaka sasa. Angeweza kutupa majani makubwa kwa kusogeza kalamu tu, na wale wa bima wakakimbilie barabarani. Hakusogeza. Alijitoa kwenye faili kwa sababu wewe ni mwanawe. Hebu fikiria, watu wengine kuwa na baba ofisini kunawapeleka mbele. Sisi kumetupeleka kwenye mbolea. Nilikasirika mpaka nikamuunguza mteja sikio kwa pasi ya nywele, na ni mteja mzuri.

Baadaye hasira zikatulia kidogo nikaisoma tena barua yake. Nimekuwekea humu ndani. Najua ulisema nisikuletee habari zake, na miaka yote hii nimejikaza sikukuletea. Hii nimeshindwa. Isome, halafu uniambie kama unataka awepo au hutaki. Ukisema hutaki nitanyamaza, na unajua ni mara ngapi nimewahi kunyamaza.

Mchumba wako alipita jana na mikate. Nimemwambia aache kuleta, lakini nimeipokea.

Mama


Kambini
Tarehe 9 Mei

Shikamoo Mama,

Niliisoma barua yake wakati wa chakula. Wenzangu walipoona uso wangu wakadhani nimepigwa shoti.

"Sikualikwa." Mama, nani anamwalika baba yake? Nimefanya kazi siku nzima nikilizungusha neno hilo kichwani. Unakumbuka chuoni tulipewa kadi za wageni, kila mhitimu na fungu lake. Nilimpa Mjomba, kwa sababu anapenda kuonyesha watu kadi. Nikawapa majirani, wateja wako wawili, na mzee wa duka la vipuri. Wewe nilikupa? Sikukupa. Ulikuja tu, tena ulifika kabla ya walimu, ukaanza kuwapanga watu. Ningekuletea wewe kadi ungenichapa mbele za watu.

Baba nilimpigia simu. Nikamwambia, "Ni Ijumaa, saa nne asubuhi." Akasema, "Nimesikia." Kwangu mimi maneno yaliisha hapo. Nilivua koti nikaliweka kwenye kiti cha pembeni yako kumshikia nafasi, na walipokuwa wanatuita majina nilikuwa naangalia mlango badala ya kuangalia jukwaa. Nimo kwenye picha zote nikiangalia mlango. Wahudumu walipoanza kukunja viti nikachukua koti langu nikavaa. Tangu siku hiyo nikaapa sitamtajia tena tarehe ya kitu chochote.

Kumbe mwenzangu alikuwa posta.

Sijui nicheke au nilie, na nimefanya vyote viwili. Lakini hasira haijaisha, Mama, usije ukafikiri imeisha. Kadi ni kitu kidogo. Kinachoniuma ni kwamba alijihesabu mgeni. Alikaa na shati lake la pasi akingoja karatasi imwambie kama ana mtoto au hana. Mimi sikuwahi kuhitaji karatasi kujua kama nina baba. Mpaka siku ile.

Kuhusu mbolea usihangaike, siku hiyo tutanukia mikate. Kuhusu yeye, sijui. Usimwambie aje, na usimwambie asije. Na Mjomba ndiye msemaji wetu. Yeye ndiye aliyenilipia nauli ya chuo, yeye ndiye aliyenifundisha kubeba ngazi peke yangu. Hilo halibadiliki kwa barua ya mtu.

Chiriku


Saluni
Tarehe 14 Mei

Baba Chiriku,

Mwanao amenikataza nisikwambie uje, na amenikataza nisikwambie usije. Mimi ni mtu wa kushika agizo, kwa hiyo nitakwambia jambo la tatu ambalo hakulikataza.

Kadi za mahafali zilikuwa za wageni. Mimi sikupewa. Kama ulikuwa hujui hilo, sasa lijue. Alikupigia simu akakutajia siku na saa, na kwake huo ndio ulikuwa mwaliko, tena mkubwa kuliko wote, maana hao wengine hakuwapigia. Alikushikia kiti kwa koti lake. Ukumbi ule ulikuwa wa baridi, feni zimefunguliwa zote, na mwanao alikaa anatetemeka ndani ya kigauni chepesi. Nikamwambia, "Vaa koti lako, mama." Akanijibu, "Baba akija atakosa pa kukaa."

Sikukuandikia hili ili nikuumize. Ningetaka kukuumiza ningekuandikia miaka hiyo hiyo, wakati nilikuwa na hamu nayo. Nadhani tu hukujua, na wewe ni mtu usiyejua mambo ambayo hayajaandikwa mahali. Basi nimeyaandika.

Mwandikie mwenyewe. Usipitishe kwangu, mimi si tarishi. Anuani ya kambi yao nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Na tafadhali, vua viatu vya ofisi kabla hujakaa kuandika.

Mama Chiriku

Tena mwambie Bi Mhuri kwamba ubao wa mbele wa lile jukwaa la bendi umeoza. Nimeukanyaga mwenyewe. Sitaki mkwe wangu avunjike mguu akiwa bado hajasema ndiyo.


Tarehe 27 Mei

Mwanangu,

YAH: OMBI LA RUHUSA YA KUHUDHURIA

Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila mara inatoka kama unavyoona hapo juu. Mwishowe nimeiacha hivyo. Mama yako aliniambia nivue viatu vya ofisi. Nimevivua, na bado miguu inakwenda ofisini yenyewe.

Kila siku watu huniletea maombi, na nimeona kwamba anayeomba vizuri anasema anataka nini, wapi, na atapaachaje mahali pa watu akimaliza. Nami nitajaribu hivyo hivyo.

Naomba kuwepo siku ya harusi yako. Naomba nafasi moja, ya kusimama inatosha. Siombi kusema neno. Nimeelezwa kuhusu Mjomba, na ni haki yake, yeye alikuwepo. Siombi kukaa mbele. Sitavaa kizibao. Nikiambiwa niondoke nitaondoka na sitaacha usumbufu wowote nyuma yangu.

Kuhusu koti, sikujua. Uliniambia "Ijumaa, saa nne", nikaandika kwenye kalenda ya ukutani, kisha nikangoja kilichobaki. Nilidhani kuna kilichobaki. Katika kazi yangu mtu akitaja tarehe bado hana kitu, mpaka aletewe karatasi yenye mhuri ndipo anaweza kuja na viti vyake. Nimewaambia watu hivyo maisha yangu yote, na sikujua kwamba nami nimejiambia. Haikunipitia akilini kwamba kuna mahali ambapo mimi niko upande wa ndani wa geti. Tangu mama yako anieleze nimekuwa nikiamka asubuhi na kitu cha kwanza ninachokiona ni wewe ukitetemeka kwenye ukumbi ambao sijawahi kuingia.

Cheti chako nimekisoma mpaka nakijua kwa moyo. Bustanini jioni taa zikiwaka huwa natoka ofisini kuziangalia. Mwaka mzima nilikuwa nikiziangalia bila kujua ni mkono wa nani. Sasa najua, na nimeanza kuchelewa kurudi nyumbani.

Usipojibu nitaelewa.

Hapana, nimeandika uongo. Usipojibu sitaelewa. Nitaumia, na nitakuandikia tena.

Baba yako


Kwenye tanuri la mikate
Tarehe 10 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu Mama alinilea, usidhani nimepoa.

Nimerudi mjini juzi. Barua yako ilinifuata kambini, ikanikosa, ikarudi na dereva wa lori la nguzo, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Nimeisoma hapa tanurini. Mchumba wangu akaniuliza nalia nini, nikamwambia ni moshi. Akasema tanuri hili ni la umeme, na mimi ndiye niliyelifunga.

Ombi lako limekataliwa. Mimi sina ruhusa ya kumpa baba yangu ili aje kwenye harusi yangu. Kitu hicho hakipo, na kama kimo katika vitabu vyenu vya ofisini kifuteni. Nilipofika pale kwenye "nafasi moja, ya kusimama inatosha" nilitaka kuichana. Nani kakwambia usimame? Hivi ulitaka nipite na shela langu nikuone umeegemea mti kama mtu anayengoja basi? Nilikasirika sana, Baba. Mwoka mikate wangu akasogeza unga pembeni taratibu, akidhani nitamwaga.

Halafu nikafika mwisho, pale ulipojiita mwongo na kusema utaumia. Hapo ndipo nilipomsikia baba yangu. Mengine yote yaliandikwa na ofisi. Sentensi hiyo ningeipata miaka ile, hata kwa simu, hata kwa kelele, nisingekaa kimya muda wote huu. Kunyamaza kumenichosha. Hakujawahi kunikaa, na wewe unajua.

Sasa nikwambie mambo yalivyo, ili usije ukafika na matumaini ya bure. Mjomba ndiye atakayesema. Sitamwondoa, na uliposema ni haki yake ulinisaidia, maana nilikuwa nimejiandaa kugombana na wewe juu ya hilo. Wewe utakaa mbele, na Mama. Mkitaka kugombana mgombane kwa kunong'ona. Siwezi kukuahidi kwamba siku hiyo nitakuwa mwepesi kwako. Nikikuona naweza kucheka, naweza kukupita kama sijakuona, sijui bado. Nina maneno mengi niliyokuwekea, mengine ni mabaya, na nikianza kuyatoa hayataisha kwa siku moja. Tutayaanza baada ya harusi, na utayasikiliza yote.

Kadi sikutumii. Zimeshachapishwa, zimeandikwa majina, na lako halimo, wala la Mama, wala langu. Wageni wataanza kufika saa nane mchana. Watakuta viti vimepangwa, nyaya zimefungwa, ubao wa jukwaa umebadilishwa, na kila mmoja atakaa anapoonyeshwa.

Wenye shughuli tunafika saa moja asubuhi. Kuna lori zima la viti vya kushusha, na Mjomba ana mgongo mbovu. Vaa nguo za kazi. Shati jeupe njoo nalo kwenye mfuko, utabadilisha hapo hapo.

Usichelewe, Baba.

Chiriku